Sampuli Safi, Jibu la Kweli

Hujambo wewe uliye Garissa mjini, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi na Ijara? Na wewe uliye mbali kule Wajir na Mandera, hujambo? Kama hukusikia kipindi hiki redioni bali unasoma maneno haya kijitabuni, karibu pia. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Sogeza kigoda, mpe mtoto titi kama analia, na umwite ayeyo naye asikilize, kwa sababu mazungumzo ya leo ni ya kila mtu anayelea mtoto.

Leo tutaongea kuhusu choo cha mtoto. Najua wengine mmeanza kucheka na wengine mnaona haya. Lakini iko siku ambayo choo cha mtoto ndicho kitu muhimu kuliko vyote nyumbani mwako. Ni siku ile mtoto aliyekuwa akikimbia jana anaamka asubuhi mguu umelegea kama kamba. Muuguzi atakuja na kikopo na kukuomba choo cha mtoto. Utajiuliza, "Mguu ndio mgonjwa, choo cha nini?" Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu. Nitakueleza pia kile kikopo kinakwenda wapi, kinafanyiwa nini, na kwa nini uchafu kidogo au joto la njiani linaweza kuharibu kazi yote.

KWA NINI CHOO?

Mama, ugonjwa tunaouogopa mtoto anapolegea ghafla ni polio. Polio huletwa na kirusi kinachoingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula au mikono iliyoguswa na choo cha mtu mwenye kirusi hicho. Kikishaingia huzaana matumboni, kisha hutoka kwa choo. Katika kila watu 200 wanaokipata, mmoja hivi ndiye hupooza. Wengine wote huonekana wazima, lakini choo chao kinaambukiza.

Tukumbuke yaliyotupata. Mwisho wa Aprili mwaka 2013, mtoto mchanga wa miezi minne alilegea ghafla karibu na Dadaab. Alipopimwa akapatikana na polio. Wakapimwa pia watu waliokuwa karibu naye, na wawili ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wakapatikana na kirusi hichohicho. Mlipuko ule uliwapata watu 14 hapa Kenya, na karibu 200 kwa majirani zetu wa Somalia. Desemba mwaka uleule watoto wa Dadaab walipewa chanjo ya sindano pamoja na matone ili kuuzima moto huo. Mwaka 2020 bara letu lilitangazwa kuwa limeshinda polio ya asili. Lakini mwaka 2023 kirusi cha polio cha aina ya pili kilipatikana tena hapa kwetu, katika kambi ya Hagadera. Hiki ni kirusi kilichobadilika kutoka kwenye matone ya chanjo ya zamani, baada ya kuzunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa.

Sasa niulize, tulijuaje? Je, ni kwa kuutazama mguu? Hapana. Mguu uliolegea hausemi umelegezwa na nini. Yako magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu yanayomlegeza mtoto vilevile. Daktari hodari wa Nairobi akiutazama mguu huo hawezi kuapa kwamba ni polio. Choo ndicho kinachotoa ushahidi. Ndiyo maana mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mkono au mguu bila kuumia, tunamhesabu kuwa wa kuchunguzwa, na tunaomba choo chake.

KIKOPO KINAKWENDA WAPI?

Choo cha mtoto wetu hupelekwa Nairobi, kwenye maabara ya polio ya KEMRI, yaani taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Sampuli kutoka Somalia nazo hupimwa hapohapo. Kutoka Garissa mjini hadi Nairobi ni karibu kilomita 370, na kabla ya kufika Garissa mjini huenda kikopo kimeshatoka Liboi au Hulugho kwa barabara ya mchanga.

Kikifika maabara, wataalamu hawatazami choo kwa darubini na kuona polio. Kirusi ni kidogo mno, darubini ya kawaida haikioni. Ni lazima kwanza waache kizaane ili athari yake ionekane. Na hapa ndipo penye ugumu.

Vijidudu vingi, kama vile vya kipindupindu, vinaweza kuoteshwa kwenye chakula tu, kitu kama supu iliyoganda. Kirusi hakikubali. Kirusi ni kama kupe, mama. Ukimweka kupe juu ya mchanga mtupu hanenepi wala hazai. Anataka mnyama aliye hai. Kirusi nacho kinataka seli hai. Seli ni vile vipande vidogo sana ambavyo mwili wa kila kiumbe umejengwa navyo.

Kwa hiyo maabara hufuga seli. Wanazo aina mbili maalumu kwa kazi hii. Moja ilitoka kwa binadamu miaka mingi iliyopita na imeendelea kuzalishwa maabara mpaka leo. Nyingine ni seli za panya ambazo wataalamu wamezipa mlango wa binadamu, ule mlango ambao kirusi cha polio hupitia kuingia. Seli hizo hukaa katika vichupa vidogo vyenye maji ya lishe, rangi yake nyekundu kama sharubati ya zabibu nyekundu. Huwekwa kwenye joto la nyuzi 36, karibu sawa na joto la mwili wako. Zikishiba na kutulia hujipanga chini ya chupa kama mkeka.

Kisha wataalamu hutia tone la maji yaliyotokana na choo cha mtoto, na kungojea. Siku tano wanatazama kwa darubini kila siku. Halafu huhamishia kwenye seli mpya na kutazama siku tano nyingine. Kama kirusi cha polio kimo, seli huanza kujikunja, huwa mviringo, na kuachia chupa mojamoja hadi mkeka wote unachakaa. Hapo ndipo wanajua kuna mgeni ndani, na wanaendelea na vipimo vingine kumtambua ni nani hasa.

Sasa umeelewa kwa nini jibu halirudi kesho yake, mama. Usidhani tumekusahau.

MAZIWA NA SELI

Wewe mama wa hapa kwetu unaijua kazi hii kuliko unavyodhani. Hebu fikiria maziwa ya ngamia. Kabla ya kukamua, unakiosha chombo, unakianika, na unakifukiza kwa moshi wa vijinga. Kwa nini? Kwa sababu unajua kwamba chombo kichafu huharibu maziwa hata kama ngamia ni mzima. Na ukitaka suusa nzuri, unaacha maziwa yagande kwa namna unayoitaka wewe, si kwa uchafu wowote unaojitupia humo. Uchafu ukitangulia, maziwa yatabadilika, lakini hayatakuwa suusa. Yatakuwa ya kumwaga.

Chupa ya seli ni hivyohivyo. Ile lishe tamu iliyowekewa seli ni karamu pia kwa vijidudu vya kila aina na kwa ukungu. Navyo vina mbio. Seli ikijigawa mara moja kwa siku hivi, vijidudu vingine hujigawa kila baada ya dakika 20 au 30. Kijidudu kimoja kikiingia jioni, asubuhi ni jeshi. Maji yale mekundu hugeuka manjano kwa sababu vijidudu vinatoa asidi, kama maziwa yanavyochacha. Yanakuwa na ukungu kama maji ya mto Tana wakati wa mafuriko. Seli zinakufa. Na seli zikifa kwa uchafu, kirusi cha polio hakina pa kuzaa, wala mtaalamu hawezi kusema kama kilikuwemo.

Na choo, mama, kimejaa vijidudu. Hivyo ndivyo Mungu alivyoumba tumbo. Basi maabara hufanyaje?

Kwanza, hupima kipande kidogo cha choo, hukitia katika maji maalumu pamoja na shanga ndogo za kioo na dawa iitwayo klorofomu, na kutikisa kwa nguvu. Klorofomu huyeyusha mafuta na kuua vijidudu na ukungu. Kirusi cha polio hakina koti la mafuta, kwa hiyo hakidhuriki.

Pili, huzungusha mchanganyiko huo kwa mashine yenye kasi hadi uchafu mzito ukae chini, na maji safi yabaki juu. Hayo ya juu ndiyo hutumiwa.

Tatu, kwenye lishe ya seli hutiwa dawa za kuzuia vijidudu, kama penisilini na streptomaisini. Ujanja huu una historia ndefu. Mwaka 1949, huko Boston nchini Marekani, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walifaulu kukuza kirusi cha polio katika seli za kawaida za mwili, zisizo za mishipa ya fahamu. Dawa za kuzuia vijidudu ziliwasaidia kulinda vichupa vyao. Mwaka 1954 walipewa Tuzo ya Nobel. Na kwa njia waliyoifungua, chanjo ya kwanza ya polio ikapatikana mwaka 1955. Kwa hiyo kila mtoto aliyechanjwa ananufaika na watu waliojua kuweka chupa safi.

Nne, wataalamu hufanya kazi ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa. Huvaa glavu, hufuta meza kwa spiriti, na hushughulika na sampuli moja baada ya nyingine. Hapa si kwa kuogopa vijidudu peke yake. Tone la mtoto huyu likirukia chupa ya mtoto yule, mtoto asiye na polio ataambiwa anayo. Ndiyo maana kila mara huweka kando vichupa vingine vyenye seli tupu, visivyotiwa kitu. Vichupa hivyo ni mashahidi. Vikiharibika navyo, wanajua kosa limetoka ndani ya maabara, si kwa mtoto.

Na ikiwa chupa imeingia uchafu licha ya hayo yote? Hawakisii jibu. Chupa hiyo huuliwa vijidudu na kutupwa. Kisha hurudi kwenye choo kilichobaki, hukitibu tena kwa klorofomu au kukichuja kwa chujio lenye matundu madogo sana, linalozuia vijidudu na kupitisha kirusi. Halafu huanza upya na seli mpya. Lakini sikiliza vizuri: wanaweza kuanza upya kama tu choo kimebaki, na kama kirusi bado ki hai ndani yake. Mambo hayo mawili hayako mikononi mwa Nairobi. Yako mikononi mwangu na mwako.

JAMBO LILILONIPATA

Niruhusu nikusimulie. Nilipoanza kazi, nilipelekwa kituo kimoja cha mashambani katika eneo letu hili. Siku moja akaja mama na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi. Mguu wa kushoto ulikuwa umelegea. Nikamuuliza umeanza lini. Akasema ni siku ya tisa. Walikuwa wamemkanda kwa mafuta, wakamchoma moto mguuni, wakangoja. Sikumlaumu. Alifanya alichofanyiwa yeye utotoni.

Nikachukua sampuli ya kwanza siku hiyohiyo. Ya pili nilimwambia ailete kesho yake, lakini nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu. Sikumpa kikopo chenye kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu niliona kimebaki kimoja tu. Nilimwambia, "Lete kwa chombo kisafi." Mama wa watu akaenda akafanya usafi kweli. Alichukua kikopo cha siagi, akakisugua kwa Jik ili kitakate kabisa. Jik nyingine ikabaki chini, naye akaweka choo cha mtoto juu yake. Kifuniko hakikukaza.

Mvua ilikuwa imenyesha, gari likakwama kwenye tope. Barafu nilizoweka zilikuwa chache, zikayeyuka. Sampuli zilipofika maabara zilikuwa na joto, na moja imevuja. Majibu yakarudi: hakuna kirusi kilichopatikana, lakini hali ya sampuli haikufaa.

Yule mama akaja kuniuliza, "Daktari, kwa hiyo mwanangu hakuwa na polio?" Nami sikuwa na jibu. Jik huua kirusi. Joto hukidhoofisha. Kutopatikana kwake hakukuwa na maana kwamba hakikuwepo. Baada ya siku 60 tulimfuata nyumbani kumpima tena, kama sheria inavyotaka. Mguu ulikuwa bado mwembamba na mlegevu. Leo ni kijana wa shule, anatembea kwa fimbo. Kama ilikuwa polio au ugonjwa mwingine, hakuna atakayejua kamwe. Na kama ilikuwa polio, watoto wa majirani walikuwa hatarini na hatukujua.

Kosa halikuwa la mama yule. Ni mimi niliyesema "kisafi" bila kueleza kisafi ni kipi. Tangu siku hiyo nimeapa kueleza kila kitu hadi mwisho. Basi nisikilize.

KAZI YAKO, MAMA

Kwanza, usikae. Mtoto akilegea mkono au mguu ghafla, mlete kituo cha afya siku hiyohiyo, au umwambie mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Kirusi hutoka kwa wingi kwenye choo katika wiki mbili za mwanzo. Baada ya siku 14 kinapungua, na maabara huenda isikipate. Kama mko malishoni mbali, tuma habari kwa simu, sisi tutakuja. Na mtoto mwenye homa na ulegevu usimkimbize kuchomwa sindano dukani. Kama ni polio, sindano ya msulini inaweza kuzidisha kupooza. Kumchoma moto nako hakumsaidii, kunamwongezea kidonda.

Pili, sampuli ni mbili. Ya kwanza leo, ya pili baada ya saa 24 hadi 48. Kwa nini mbili? Kwa sababu kirusi hakitoki kila siku kwa kiasi kimoja. Leo chaweza kutoka kidogo kisionekane, kesho kikatoka kingi. Usituambie, "Mlichukua jana, yatosha."

Tatu, tumia kikopo cha muuguzi. Mdai! Mwambie, "Nipe kikopo chenye kifuniko cha kuzungusha." Usitumie kikopo cha siagi, chupa ya soda, wala chombo cha dawa.

Nne, osha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kazi hii. Kabla, ili usitie uchafu wa mikono yako. Baada, ili usijiambukize wewe na watoto wengine.

Tano, mkalishe mtoto kwenye poti iliyooshwa kwa maji na sabuni, ikasuuzwa sana na kukauka. Usiache Jik wala Dettol ndani. Dawa hizo ni nzuri kwa sakafu na kwa choo, lakini kwa sampuli ni sumu. Acha akojoe kwanza, umwage mkojo, kisha ndipo aende haja kubwa. Nepi za dukani zinanyonya maji yote, kwa hiyo usimvishe wakati huo. Akijisaidia mchangani, chota kwa kijiko sehemu ya juu ambayo haijagusa mchanga.

Sita, tia choo cha kutosha. Kipimo ni kama vidole gumba viwili vya mtu mzima, yaani gramu 8 hivi. Akiwa anahara, tia tu, hata majimaji yanafaa. Kumbuka nilivyosema: chupa ikiingia uchafu, maabara hurudi kwenye choo kilichobaki. Ukitia kidogo, hakuna pa kurudi. Usiongeze maji, chumvi wala kitu chochote ili "kisikauke".

Saba, funga kifuniko kikaze, futa nje ya kikopo, na mwambie muuguzi siku na saa mtoto alipojisaidia. Hakikisha jina la mtoto limeandikwa kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, watoto wawili wakabadilishwa majibu.

Nane, baridi. Hapa kwetu joto hupita nyuzi 35 mchana. Sampuli inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, tangu inapotoka kwa mtoto hadi Nairobi. Isikae juani, wala juu ya gari, wala karibu na jiko. Ikiwa muuguzi bado hajafika, iweke mahali penye kivuli na umwite haraka. Usiiweke kwenye friji yenye maziwa na chakula cha nyumbani. Na sisi wauguzi tunatakiwa kuwa na kisanduku cha barafu cha sampuli peke yake, si kile cha chanjo. Ukiona nachanganya choo na chanjo katika kisanduku kimoja, nikemee. Una haki hiyo.

Tisa, choo kilichobaki kwenye poti kimwage chooni, osha poti, na hapo sasa tumia Jik yako upendavyo.

Baada ya kukusanya, maabara inataka sampuli zifike ndani ya siku tatu tangu zilipotumwa. Kazi hiyo ni yetu. Lakini kama kijiji chenu kina mtu mwenye gari linalokwenda Garissa mjini siku hiyo, tuambieni. Mara nyingi msaada mdogo kama huo ndio unaookoa barafu.

WENGINE NYUMBANI

Wakati mwingine, sampuli za mtoto mgonjwa zikichelewa au zikiharibika, tutaomba choo cha watoto wengine wadogo wanaocheza naye au kuishi naye. Usiogope na usikatae ukisema, "Wangu ni wazima." Unakumbuka wale wawili wa mwaka 2013? Walikuwa wazima, na choo chao ndicho kilichosaidia kuonyesha kwamba moto unasambaa.

Na ukweli mwingine ambao lazima niuseme. Sampuli nzuri haimponyi mtoto aliyekwisha kupooza. Polio haina dawa. Usingoje jibu la Nairobi ndipo umtunze. Mnyonyeshe na umlishe, mlete hospitali tumnyooshe viungo, asije akakakamaa. Lakini jibu la kweli huwalinda watoto wengine wote wa eneo hili, kwa sababu likija kwamba ni polio, chanjo huletwa mlangoni kwako.

Na kinga ni hiyohiyo tunayoisema kila siku. Matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na sindano ya polio katika wiki ya 14. Wanapokuja wahudumu wa nyumba kwa nyumba, mtoe mtoto hata kama alishapata. Matone ya ziada hayamdhuru.

Ayeyo, na wewe nakuomba. Wewe ndiye unayesikilizwa nyumbani. Binti yako akisema mtoto amelegea, usiseme, "Tungoje tuone." Sema, "Twende sasa hivi, na kikopo tutakidai."

Mama mpendwa, kule Nairobi yuko mtaalamu aliyevaa glavu, anayechunga vichupa vyake visiingie hata kijidudu kimoja, kama wewe unavyochunga maziwa yako. Lakini usafi wake unaanzia kwako na kwangu. Tukimpelekea kilichooza, naye atatuletea jibu lisilo na kichwa wala miguu. Tukimpelekea sampuli safi, ya kutosha na ya baridi, atatuletea ukweli. Yule mama niliyekusimulia anastahili ukweli, hakuupata. Wewe usiukose.

Mimi ni muuguzi wenu. Tukutane tena katika kipindi kijacho, insha'Allah. Kwaherini, na Mungu awalindie watoto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla, toa habari siku hiyohiyo.
2. Sampuli mbili, zipishane saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14.
3. Kikopo cha muuguzi, chenye kifuniko cha kuzungusha na jina la mtoto.
4. Kiasi cha vidole gumba viwili. Bila mkojo, bila mchanga, bila maji, bila Jik.
5. Baridi tangu nyumbani hadi maabara.
6. Kinga ni chanjo, choo cha kujisaidia, na kuosha mikono kwa sabuni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, mtoto akilegea, watu hufanya nini kwanza? Hupoteza siku ngapi kabla ya kufika kituoni?
2. Kwa nini Jik ni nzuri kwa sakafu lakini mbaya kwa sampuli?
3. Ni nani hapa kwenu anayeweza kusaidia usafiri, na nambari yake ya simu iko kwa nani?
4. Mama mmoja aeleze kikundi, kwa maneno yake, jinsi chupa ya seli inavyofanana na chombo cha maziwa.